Mtu wa Kumi

Kila mwaka usharikani tunawaombea vijana wanaokwenda vyuo vikuu, na huko chuoni wanapokelewa na wanafunzi wenzao waaminio. Lakini kijana akishahitimu na kupata kazi mji wa mbali, nani anampokea? Mpwa wangu yuko Dar es Salaam mwaka wa tatu sasa. Nilipomuuliza anasali wapi, alinijibu kwa upole: "Mjomba, nilikwenda miezi minne. Nilipoacha, hakuna aliyeniulizia."

Jibu hilo limenifanya niwatazame Wayahudi. Chuo cha theolojia tuliisoma Sabato yao katika kitabu cha Kutoka. Wao wanaishika hadi leo. Huko Marekani, wanafunzi wao wana Hillel, iliyoanzishwa mwaka 1923 katika Chuo Kikuu cha Illinois. Baada ya mahafali, nao hutawanyika kutafuta kazi, tena masinagogi mengi yamezoea familia zenye watoto. Ndipo mwaka 2006, katika mji wa Oakland, California, ikaanza Moishe House. Utaratibu wake ni huu: vijana wachache wanaishi nyumba moja, wanasaidiwa kodi, nao kila mwezi wanawakaribisha wenzao kwa chakula cha Sabato, sikukuu na mafundisho. Leo nyumba za namna hiyo ziko katika nchi nyingi.

Kilichonigusa si msaada wa kodi. Ni kwamba kijana hakuitwa aje kuketi tu, alikabidhiwa meza. Ijumaa mishumaa huwashwa kabla jua halijazama, divai hubarikiwa na mkate humegwa, na hayo yote hayamhitaji rabi. Yanamhitaji mwenyeji.

Tena, zipo sala za Kiyahudi, kama Kadishi ya wafiwa, ambazo hazisaliwi mpaka watimie watu wazima kumi. Wakiwa tisa, wanangoja. Yule wa kumi hata kama hajui kuimba, hata kama imani yake imechoka wiki hiyo, bila yeye mfiwa anabaki na sala yake moyoni. Mtu kama huyo akikosekana, ataulizwa alipo.

Sisi Walutheri tujifunze haya kwa unyenyekevu. Mwaka 1543 Martin Luther aliandika maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, na makanisa ya Kilutheri yamekuja kuyakataa waziwazi. Wala hatuichukui Sabato yao tukaifanya yetu. Meza tunayo: Matendo ya Mitume sura ya 2 inatuonyesha waamini wakimega mkate nyumba kwa nyumba, nasi tunazo jumuiya zetu.

Ila jumuiya nyingi huzungukia nyumba za wenye familia. Kijana aliyepanga chumba kimoja anarukwa, eti hana pa kutuweka. Nawasihi wazee wa kanisa: mwandikeni kwenye zamu. Tutakaa mkekani, wengine watasimama barazani, na chai ya rangi inatosha. Mpeni na Neno alisome. Wiki inayofuata asipoonekana, wote tutajua, na mmoja wetu atakwenda kumbishia hodi.