Ngazi za Lamu zina funzo kwa anayejenga

UKIBAHATIKA kuzuru mji wa kale wa Lamu, usiridhike na kutazama milango ya nakshi, majahazi na punda pekee. Omba ukaribishwe ndani ya nyumba ya mawe, kisha hesabu vidato vya ngazi zake. Katika vidato hivyo limo funzo kwa kila mtu aliye na ploti na anayewazia nyumba ya kustaafia.

Safari yenyewe hukupima magoti kabla hujaingia mjini. Iwe umetoka Mokowe kwa barabara au umeshuka ndege kisiwani Manda, huna budi kuvuka maji kwa mashua. Ukifika gatini Lamu, utainua mguu, ushike mkono wa baharia, kisha upande vidato vilivyolowa. Maji yakikupwa, vidato vya kupanda huwa vingi zaidi. Kijana huruka, lakini mzee husubiri wanaume wawili wamshike makwapa.

Sasa ingia vichochoro vya mtaa wa Mkomani. Magari hayapiti humu. Ukikutana na punda aliyebeba mchanga, mmoja wenu itambidi ajibanze ukutani. Pande zote mbili zimesimama nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zenye umri wa zaidi ya miaka 200.

Kabla ya kubisha hodi, tazama baraza. Ni benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta, kando ya mlango. Waama wahenga walikuwa na akili! Benchi hilo halitikisiki, lina ukuta wa kuegemea, na liko njiani watu wanakopita. Mkongwe asiyeweza kwenda mbali hukaa hapo jioni akasalimiwa, akapewa habari za arusi na matanga, akajua bei ya samaki. Yeye haendi mjini, bali mji humjia.

Lakini ukishavuka kizingiti, mambo hubadilika. Zamani, katika nyumba nyingi za matajiri, orofa ya chini ilikuwa ya ghala na watumwa, nao wenyewe waliishi juu. Ngazi za kwenda huko ni nyembamba, vidato vyake ni virefu, nazo hupinda gizani katikati ya kuta mbili. Nyingi hazina pa kushika.

Sababu ya ubanifu huo ni boriti. Dari za Lamu hushikwa na miti ya mikoko, na urefu wa mti ndio uliopima upana wa chumba, ambao kwa kawaida haukufika mita tatu. Isitoshe, ardhi ya mji ilikuwa haba, hivyo nyumba zikapanda juu na ngazi zikapewa nafasi iliyobaki. Hata ukifika juu, utakuta kutoka kiwanda, yaani ua wa ndani, hadi msana na chumba cha ndani kabisa, kila sakafu imeinuliwa kidato kimoja kuliko iliyotangulia. Bafuni kuna birika la maji, na sakafu ya chokaa iliyolainishwa huteleza ikimwagikiwa.

Mfungwa wa orofani

Katika nyumba moja niliyoingia anaishi bibi aliyepita miaka 80. Kwa muda mrefu alikuwa mfungwa wa orofani. Hakuwa na ugonjwa wa kumlaza kitandani, ila magoti yalikataa ngazi. Jirani akifiwa, yeye hupeleka salamu kwa mjukuu. Wanawe walitaka kumhamishia Mombasa, naye akakataa kata kata kuondoka katika nyumba aliyozaliwa.

Kuvunja ngazi na kujenga nyingine si jambo rahisi. Mji wa kale uliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka 2001, na mwenye nyumba habomoi kuta apendavyo bila kibali. Basi wajukuu walifanya lililowezekana. Walisafisha ghala la chini, wakalipaka chokaa, wakaweka taa, wakateremsha kitanda. Fundi alichonga mti laini wa kushikia, akaukaza ukutani kuelekea chooni. Chumba kina joto na dirisha ni dogo, bibi hufichi hilo. Lakini siku hizi hutoka barazani mwenyewe.

Wewe je?

Huenda ukasema: mimi sijengi Lamu, najenga Kitengela au kwetu Kakamega. Haya, tazama ramani yako. Je, si ghorofa yenye vyumba vyote vya kulala juu? Je, sebule haikushushwa vidato viwili kwa ajili ya urembo? Na kule mashambani, je, choo hakiko nyuma ya migomba, mahali mama atakwenda usiku wa mvua bila taa? Wenzetu wa Lamu walibanwa na boriti. Wewe nani amekubana?

Kama ni lazima ujenge ghorofa, weka chini chumba kimoja cha kulala na bafu lake. Leo kitakuwa cha wageni, kesho kitakuwa chako. Ngazi zenyewe zisizidi sentimita 17 kwa kila kidato, na ziwe na pa kushika pande zote mbili.

Milango iwe na upana wa sentimita 90. Kiti cha magurudumu huwa na upana wa sentimita 65 hadi 70, na mikono ya anayekisukuma nayo yataka nafasi. Mlango wa bafu ufunguke kwa nje. Mzee akianguka ndani na mlango unafunguka kwa ndani, mwili wake ndio utakaouzuia, nanyi mtashindwa kumfikia.

Kuhusu veranda, kanuni ni nyepesi: kila sentimita moja ya kimo yataka sentimita 12 za mteremko. Veranda ya sentimita 45 basi yahitaji mteremko wa mita 5.4. Mwambie fundi mapema aache nafasi hiyo, maana mteremko mkali ni hatari kuliko ngazi.

Bafuni na chooni tumia vigae vikavu visivyoteleza. Vyuma vya kushikia vikazwe kwenye ukuta imara, si kile chuma cha kutundikia taulo ambacho kitang'oka na mtu. Choo cha shimo nacho chaweza kujengewa kiti cha sentimita 45, kikatengenezewa njia iliyo sawa na kuwekewa taa.

Mengi ya haya hayaongezi gharama kubwa nyumba ikiwa bado kwenye karatasi. Gharama huja baadaye, unapobomoa ukuta uliokwisha pigwa lipu, tena wakati pensheni ndiyo inayokulisha. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inatambua haki ya wazee kuishi kwa heshima. Lakini heshima hiyo hupotea haraka mtu anapobebwa kwenda chooni ndani ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Kwa hivyo, msomaji, kabla zege halijamwagwa, keti na fundi wako na ramani mkononi. Muulize mwenye miaka 80 atapita wapi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na usipopanga mlango leo, kesho utaubomoa ukuta.