Rangi ya Shela ni Amana



Sisi tunaoshona nguo za harusi siku hizi tunauza picha kwanza, nguo baadaye. Mteja yuko Wete au Maskati, anatazama simu yake, anasema, "Nataka hii hii." Anacholipia ni rangi aliyoiona. Picha ikidanganya, gauni litafika jengine, na harusi haingoji. Dini yetu imetukataza kuficha kasoro ya bidhaa, kwa hiyo kamera ya dukani kwetu tunaiheshimu kama sonara anavyoheshimu mizani yake.

Yako mambo mawili tunayoyaweka sawa kabla ya kupiga.

La kwanza ni ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. Namba zake hupanda maradufu: 100, 200, 400, 800, 1600, na kila hatua picha huzidi kung'aa. Mchana barazani, 100 au 200 inatosha. Usiku ukumbini tunapanda hadi 1600. Ukizidi sana, picha huingia chenga, na shanga ulizozitia kwa sindano wiki nzima zinaonekana kama unga uliomwagika. Basi kwanza sogea dirishani, namba baadaye.

La pili ni WB, mizani ya weupe. Kila taa ina rangi yake, ila macho yetu yameshazoea. Balbu ya waya, kiasi cha Kelvini 2,700 hivi, ina umanjano. Jua la mchana ni kiasi cha 5,500. Kivulini uani kuna ubuluu. Kamera ikiachiwa ikisie wenyewe, shela nyeupe chini ya balbu huweza kutoka rangi ya samli. Sisi tunachukua kipande cha kitambaa cheupe pe, tunakiweka pale pale gauni litakapokaa, tunakipiga picha, kisha tunaiambia kamera: weupe ndio huu. Taa zikibadilika, tunapima tena. Na tusichanganye balbu na mwanga wa dirisha, maana upande mmoja utakuwa manjano na wa pili buluu.

Simu nyingi nazo zina ISO na WB, ukifungua sehemu ya Pro kwenye kamera.

Tusisahau ngozi pia. Wapo wanaozidisha mwanga mpaka bibi harusi mweusi, mzuri mashaallah, anatoka kama kapakwa chaki, na hina yake haionekani. Singo na hina vinampamba, havimgeuzi mtu mwengine. Wajukuu watakapoitazama picha ile, wamuone bibi yao mwenyewe.

Nawe shoga unayeagiza kwa picha, usione haya. Mwambie fundi akupigie kitambaa mchana, karibu na dirisha, kando yake pawe na kitu cheupe. Fundi mwaminifu hatachukia. Mungu akujaalie harusi yenye kheri.