Mwanachuoni na Kisa cha Mapenzi

Ndugu msomaji, watu huuliza: je, yafaa mtu wa dini kuandika riwaya ya mapenzi? Mimi kwa miaka mingi nilikuwa na jawabu moja tu, tena la haraka: haifai. Leo nakuomba unisikilize mpaka mwisho, kwani jawabu hilo liliniingiza katika kosa ambalo hata sasa naliombea maghufira.

Kwanza nikujulishe mtu. Haji Abdul Malik Karim Amrullah, ajulikanaye kwa jina la Hamka, alizaliwa mwaka 1908 huko Maninjau, katika nchi ya Waminangkabau, kisiwani Sumatra, Indonesia. Baba yake alikuwa mwanachuoni mashuhuri. Wazazi wake waliachana naye angali mtoto, na uchungu huo alikua nao. Mwaka 1927 alikwenda Makka, na mwaka 1936 alishika uhariri wa jarida la kila juma mjini Medan. Humo ndimo alimoitoa, kipande baada ya kipande, riwaya yake juu ya kuzama kwa meli ya Van der Wijck, mwaka 1938.

Tazama basi jinsi alivyoitunga. Meli hiyo ilizama kweli mwaka 1936 katika bahari ya Java, na habari zake zilikuwa zimeenea. Mila aliyoisimulia ndiyo iliyomlea, kwani Waminangkabau huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kijana Zainuddin, ambaye mama yake si wa kabila hilo, anampenda Hayati kwa mapenzi safi. Wazee wanaikataa posa yake, wanamwoza binti kwa Aziz, mtu wa mali na nasaba, ambaye tabia yake hawakuichungua. Mwisho wake ni msiba kwa wote. Hamka hakwenda mbali kutafuta maajabu: alichukua habari iliyojulikana, mila ya kwao na maumivu ya moyo wake, akavisuka pamoja, na kila juma akawapa wasomaji sehemu yake.

Watu wa dini walimlaumu, wakaona ni aibu mwanachuoni kuandika mapenzi. Mwaka 1962 akatuhumiwa gazetini mjini Jakarta kwamba kisa hicho amekiiba kwa Manfaluti, mwandishi wa Misri; wengine wakasimama kumtetea. Mwaka 1964 serikali ya Rais Sukarno ikamfunga bila ya hukumu, na humo kifungoni, mpaka mwaka 1966, akaandika sehemu kubwa ya Tafsir Al-Azhar, tafsiri yake ya Qur'ani. Kalamu ya Hayati na Zainuddin ndiyo iliyoandika tafsiri hiyo. Na Sukarno alipofariki mwaka 1970, aliyeongoza sala ya jeneza lake ni Hamka huyo huyo. Mimi nadhani mtu aliyezoea kuichungua mioyo ya watu katika visa vyake, hawi mwepesi wa kuifungia yake.

Habari hizi nilizipata kwa rafiki yangu aliyesoma pamoja na vijana wa Indonesia. Laiti ningalizipata mapema!

Kwani mwaka 1994, nikiwa mwalimu kijana mwenye ghadhabu nyingi, nilimkuta msichana mmoja chuoni ameficha daftari chini ya juzuu yake. Nikalifunua, nikaona jina la mvulana na neno "mpenzi". Yalinitosha hayo. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Maalim, soma kwanza." Sikusoma. Nikalichana mbele ya wenzake, nikawatolea waadhi mrefu juu ya haya.

Usiku, baada ya sala ya isha, nikaviunganisha vile vipande. Hapakuwa na uchafu hata kidogo. Kilikuwa kisa cha binti aliyeahidiwa mtu mzima kwa sababu ya deni la ami yake, naye moyo wake uko kwa mtoto wa mvuvi, na hakuna hata mmoja nyumbani anayemwuliza. Ndugu msomaji, juma lile lile nilikuwa nikisomesha mlango wa nikahi, nikieleza kwamba binti huombwa idhini yake!

Nilifahamu, nikajifanya sikufahamu. Sikwenda kwa wazazi wake. Mwezi wa pili wake aliozwa, nami nilikaa katika hadhara ile nikaitikia amina, nikala biriani. Hakurudi tena chuoni, wala sikusikia kwamba aliandika tena.

Sisemi kila riwaya ni njema. Ziko zinazopamba zinaa na kuuza matamanio kwa bei ya karanga, hizo ziache. Lakini Sura Yusuf imetaja mapenzi ya mwanamke bila ya kuficha wala kuchafua, na Ibn Hazm wa Andalusia, faqihi mkubwa, aliandika kitabu kizima juu ya mapenzi. Haramu haiko katika kuutaja moyo. Iko katika kuusingizia.

Ewe kijana mwenye kalamu, andika lile unalolijua, useme kweli, na ujue kwamba utaulizwa. Nanyi wazazi na walimu wenzangu, mkilikuta daftari chini ya juzuu, fanyeni lile aliloniomba mtoto yule nami nikamnyima: someni kwanza.

Mwenyezi Mungu amsamehe mwalimu huyu, na amfungulie mwanafunzi wake kila la kheri popote alipo. Amin.