Nafasi Nne

Neno bima halikuzaliwa hospitalini. Lilifika katika Kiswahili kwa njia ya wafanyabiashara wa Bara Hindi, na asili yake ni Kiajemi, lugha ambamo bim ni hofu. Kwa karne nyingi hofu hiyo ilikuwa ya bahari: chombo huenda kikazama, shehena huenda ikaharibika, na mwenye mali alitoa kidogo kabla ya safari ili asipotewe na vyote baada yake. Shehena ina fadhila moja kubwa mbele ya karani. Yahesabika. Magunia mia ni magunia mia, wala hakuna gunia lifikalo usiku kutoka shamba, likabisha hodi, likasema kuwa nalo ni la nyumba hii.

Watu hawahesabiki hivyo, na hapo ndipo penye ugumu wa bima ya afya katika Tanzania. Mwaka 1993, baada ya miaka mingi ya tiba ya bure, hospitali za serikali zilianza kutoza ada. Mwaka 1999 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na Julai 2001 mfuko ukaanza kazi kwa watumishi wa serikali. Mtumishi alikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza asilimia 3. Kwa malipo hayo alitibiwa yeye, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne: watoto, wazazi au wakwe. Fomu iligeuka kuwa kamusi ndogo ya ujamaa, na kamusi hiyo haikutungwa na Waswahili. Katika Kiswahili mama mdogo ni mama na baba mkubwa ni baba. Mtoto wa ndugu ni mtoto, na atakayemwita mpwa mbele ya wageni ana jambo moyoni. Fomu hutaka mama aliyezaa na mtoto mwenye cheti cha kuzaliwa. Neno moja limebeba watu wengi sebuleni. Likifika ofisini humshusha kila mmoja isipokuwa mmoja.

Achukuliwe mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya ya Muheza, mwanamke wa miaka arobaini, ambaye wa mfano wake ni wengi. Mumewe ni fundi seremala asiye na mwajiri, kwa hiyo nafasi ya mwenzi haina shaka. Nyumbani wana watoto watatu wa kuwazaa na mtoto mmoja wa dada yake aliyefariki. Mama yake mzazi yu hai, ana shinikizo la damu na kisukari. Mama mkwe yu hai pia, na magoti yamemshinda. Hao ni watu sita. Nafasi ni nne.

Mtu aliye mbali huweza kudhani kuwa hesabu hii huamuliwa kwa moyo. La, huamuliwa kwa maradhi. Mama yake hunywa vidonge kila siku ya Mungu, basi aliandikwa wa kwanza. Mama mkwe aliandikwa wa pili, kwa sababu magoti yanauma, na pia kwa sababu mke aliyemwandika mama yake akamwacha wa mumewe ametia neno ndani ya nyumba ambalo halitatoka. Zikabaki nafasi mbili kwa watoto wanne. Aliwaandika wawili wadogo aliowazaa. Mkubwa alikuwa na afya ya chuma. Mtoto wa marehemu aliachwa, na mtoto huyo ndiye mwenye pumu. Cheti chake kilitaja wazazi wengine, na karatasi za kumfanya mtoto halali wa nyumba ile zilitaka mahakama, nauli na siku ambazo mwalimu hakuwa nazo. Hakuna aliyemwambia mtoto habari hii. Lakini watoto hujua kadi ni ngapi na zimewekwa wapi; naye alijifunza kukohoa akiwa nje.

Usiku pumu ilipombana, kadi ya mtoto wa umri wake ilikuwa kabatini. Ni rahisi kwa aliyeshiba kulaani udanganyifu wa kadi, na udanganyifu ni udanganyifu kweli. Walakini ubaya wake mkubwa si fedha za mfuko. Ni kwamba maradhi ya mmoja huandikwa katika jalada la mwingine. Daktari atakayelifungua miaka miwili baadaye atasoma kifua kisicho cha mtoto aliye mbele yake, na dawa itatoka katika uongo ule. Mwalimu alilifahamu hilo, maana kazi yake ilikuwa kuandika majina katika daftari la mahudhurio. Kadi ilibaki kabatini. Alilipa kwa fedha, na mwezi ule deni la duka lilivuka katika mwezi uliofuata.

Haki yampasa mfuko vilevile. Mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 700,000 hukatwa 21,000 na mwajiri hutoa 21,000. Kwa mwaka ni 504,000. Zikigawanywa kwa watu sita, kila mmoja ana 84,000, na humo hutoka kitanda, vipimo, upasuaji na vidonge vya kila siku vya yule mama. Nyumba nyingi husimama kwa sababu nyumba nyingine hazikuugua. Mlango ukiachwa wazi bila hesabu, wanaoingia mbele ni wagonjwa. Ndivyo viongozi wa mfuko walivyoeleza habari ya Toto Afya Kadi, ambayo kwa shilingi 50,400 kwa mwaka ilimpa mtoto mmoja bima bila mzazi wake kuwa mtumishi: wazazi wengi walikuja mtoto alipokwisha kuugua. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisimamishwa, na watoto wakaelekezwa kupitia shule. Maelezo yale yalikuwa sahihi kwa hesabu. Ila yafaa kuulizwa: ni mzazi gani wa kipato kidogo anunuaye mwavuli wakati wa jua, na chumvi ya leo hajainunua?

Palikuwa na milango mingine. Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996, ulipoboreshwa mwaka 2018 uliwapa watu sita wa kaya moja tiba ya mwaka mzima kwa shilingi 30,000. Ni fedha kidogo, nayo ilifika mpaka hospitali ya mkoa. Mgonjwa wa Muheza aliweza kufika Bombo, Tanga. Akiandikiwa rufaa ya Muhimbili, kadi yake ilibaki njiani. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamesamehewa ada, lakini msamaha hautengenezi dawa. Mzee husamehewa dirishani, kisha hupewa kipande cha karatasi akanunue dawa dukani. Hata aliye na kadi nzuri ya mtumishi alijua Machi 2024 kwamba kadi ni maagano ya watu wawili ambao yeye si mmoja wao. Mfuko ulipotangaza bei mpya, baadhi ya hospitali za binafsi zilikataa kuwapokea wanachama wake, na wagonjwa wakasimama mapokezi wakisoma matangazo ukutani.

Kinachobaki ni mchango. Hiyo ndiyo bima ya kale, isiyo na fomu wala mipaka ya nafasi, na ambamo mama mdogo ni mama. Ina tabia yake. Kamati ya harusi huundwa kwa siku moja na ahadi hutolewa kwa kelele. Msiba haujui mgawo, kila mtu huja na chake. Mgonjwa yu katikati. Wiki ya kwanza ndugu hutoa, wiki ya tatu huuliza hali, mwezi wa pili hawapokei simu, si kwa ukatili bali kwa aibu ya mkono mtupu. Maradhi marefu huichosha jamaa kuliko kifo. Mwalimu wa Muheza hakupenda kuchangisha kwa ajili ya pumu, kwa kuwa pumu haina mwisho ambao mtu angeutaja katika kuomba.

Miaka ilikwenda. Mmoja wa watoto wawili waliokuwa na kadi alitimiza umri wa kutoka, nafasi ikafunguka. Lakini mtoto wa marehemu alikuwa amekwisha kuupita umri huo naye, akafanya kazi Tanga mjini akibeba kipulizi chake mfukoni na kukinunua mwenyewe. Mama mkwe alifariki. Mama mzazi hakufariki. Alifika miaka 81 kwa nguvu ya vidonge vile, na hii ni sifa kubwa ya bima ambayo wanaoilaumu husahau kuitaja.

Sasa mwalimu ana miaka 59. Mtumishi wa serikali hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na mfuko humtibu mstaafu na mwenzi wake bila mchango mpaka mwisho wa maisha yao. Ni ahadi njema, ila imewataja wawili tu. Mama mzazi, aliyeandikwa wa kwanza, atatoka katika kadi siku ileile binti yake atakapotoka kazini, wakati pensheni itakapokuwa ndogo kuliko mshahara na mama akiwa mwenye haja kuliko wakati wowote. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeamuru kila mkazi awe na bima, na huenda mama akapata kadi yake mwenyewe. Mwalimu hakukataa kutumaini. Jumamosi moja alikwenda duka la dawa na kuuliza bei ya vidonge vya mama kwa mwezi mmoja kwa mtu asiye na kadi. Mwenye duka alimtajia moja moja, naye akaziandika nyuma ya daftari la maandalio ya masomo, akajumlisha, akajumlisha tena.