Watu Watano wa Mbele

Mimi ni mkulima wa mahindi na alizeti. Kwa miaka kumi nilikuwa pia katibu wa timu ya mpira ya kijiji chetu. Kabla ya kila shindano kamati ilikaa na kubishana. Ubishi ukiisha, mimi niliandika orodha ya wachezaji na kuibandika kwenye mwembe ulio mbele ya ofisi ya kijiji.

Nilidhani kwamba najua yote kuhusu ubishi wa mpira. Kumbe nilikuwa bado na la kujifunza. Nililijifunza ugenini.

Mwaka 2023 binti yangu alinikatia tikiti ya ndege, nikaenda kumtembelea Marekani. Yeye ni muuguzi. Anakaa katika mji wa Green Bay, jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa nchi hiyo. Nilikaa kwake tangu Agosti mpaka Oktoba.

Timu isiyo na tajiri

Green Bay si mji mkubwa. Una watu laki moja na kitu. Lakini una timu kubwa iitwayo Packers. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1919. Tangu mwaka 1923 haina tajiri mmoja anayeimiliki. Wenye timu ni watu wa kawaida walionunua hisa. Siku hizi wamezidi 500,000.

Hisa hizo hazina faida ya fedha. Mwenye hisa hupiga kura ya kuchagua wakurugenzi, na huenda kwenye mkutano mkuu wa kila mwaka. Basi. Hapangi wachezaji. Wachezaji hupangwa na meneja na kocha.

Nilimwambia binti yangu, "Hiki ni kama chama cha ushirika."

Akacheka. "Ndiyo, Baba. Lakini ni ushirika usiogawa faida. Wanagawana ubishi tu."

Mchezo wenyewe

Wamarekani wana mpira wao. Si kama mpira wetu. Mpira wao umechongoka ncha mbili, nao hubebwa na kurushwa kwa mikono. Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele kiasi cha mita tisa. Ikifaulu, hupewa nafasi nne nyingine. Ikishindwa, wapinzani huchukua mpira.

Mtu anayejulikana sana ni mrushaji. Yeye hupokea mpira, hutazama mbele, kisha humrushia mwenzake anayekimbia. Wapinzani hutaka kumwangusha kabla hajarusha.

Hapo ndipo kuna kazi ya watu watano wa mbele. Husimama katika mstari mmoja mbele ya mrushaji. Ni watu wakubwa. Wengi wana uzito unaozidi kilo 130. Kazi yao ni kuzuia. Ukimwacha yule wa katikati anayeanzisha mpira, wengine wanaweza kumaliza mechi bila kuugusa. Mtu wa kushoto mwisho ana kazi ngumu zaidi. Mrushaji anayetumia mkono wa kulia hugeuzia mgongo upande wa kushoto. Hivyo mtu huyo analinda mgongo wa mwenzake. Akikosea, mrushaji anagongwa na mtu asiyemwona.

Ubishi kwa jirani

Jirani wa binti yangu alikuwa mzee wa makamo yangu, mwenye hisa moja. Alinikaribisha kwake kutazama mechi katika televisheni. Mwanawe na mkewe kijana huyo walikuwapo. Binti yangu alinifasiria maneno.

Mwisho wa Agosti kila timu hupunguza wachezaji wake mpaka wabaki 53. Siku hizo mji mzima ulibishana. Nilitazamia wabishanie mrushaji, maana alikuwa mpya. La. Pale kwa jirani walibishania watu wa mbele. Wabaki wanane au kumi? Ukiongeza mmoja pale, unapunguza mmoja kwingine. Na zaidi ya yote, walimbishania mtu wa kushoto mwisho. Jina lake ni David Bakhtiari.

Bakhtiari aliingia timu hiyo mwaka 2013. Kwa miaka mingi alikuwa mmoja wa walinzi bora katika nchi nzima. Mwezi Novemba 2020 alipewa mkataba mpya wa zaidi ya dola milioni 90. Tarehe 31 Desemba mwaka huohuo aliumia goti mazoezini. Mwezi Januari 2021 Packers walicheza na Tampa Bay mechi ya kuamua nani aende fainali. Mrushaji wao aliangushwa mara tano. Wakafungwa pointi 31 kwa 26. Mwaka 2021 Bakhtiari alicheza mechi moja tu. Mwaka 2022 alicheza 11.

Tarehe 10 Septemba 2023 msimu ulianza. Bakhtiari alicheza, na Packers wakawashinda Chicago 38 kwa 20. Juma lililofuata goti lilimsumbua tena, hakucheza. Nafasi yake ilichukuliwa na kijana aitwaye Rasheed Walker. Timu zote zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2022, Walker aliitwa wa 249. Siku hiyo Packers walifungwa na Atlanta kwa pointi moja, 25 kwa 24.

Televisheni ilipozimwa, ubishi uliwashwa.

Mwana alisema, "Yule mkubwa aachwe. Timu haiwezi kungoja goti moja miaka mitatu. Kila wiki hatujui kama atacheza. Kijana huyu hajui sana, lakini yupo. Atajifunzia kazini."

Mzee akajibu, "Goti lile liliumia kazini kwetu. Halikuumia nyumbani kwake. Miaka yote aliposimama pale, nani alimgusa mrushaji wetu? Leo ameumia, mnamwona mzigo."

"Baba, amelipwa mamilioni."

"Fedha ni malipo. Je, shukrani?"

Walipandisha sauti. Nikaogopa kwamba watakosana. Mke wa kijana alikuwa akikusanya vyombo. Akasimama, akasema, "Nyote wawili mnasema kweli. Ila kila mmoja anajibu swali lake. Swali la kwanza ni hili: Jumapili ijayo nani acheze? La pili ni hili: aliyeumia kwa ajili yetu anatudai nini? Msiyachanganye."

Kimya kikaingia. Binti yangu aliponifasiria maneno hayo, nami nikanyamaza. Nilimkumbuka beki wetu.

Beki wetu

Beki wetu wa kulia alicheza miaka minane. Hakufunga bao hata moja. Watu waliwabeba wafungaji mabegani. Yeye hakubebwa. Lakini mshambuliaji wa vijiji vya jirani alipomwona, alihamia upande mwingine.

Siku moja aligongwa, akaumia goti. Tulimfunga kitambaa, akapelekwa nyumbani kwa baiskeli. Msimu uliofuata alirudi mazoezini akichechemea. Kamati ilibishana muda mrefu. Mwisho tukaamua kumwacha. Uamuzi ule ulikuwa sawa. Hata leo nasema ulikuwa sawa, maana asingeweza kukimbia.

Lakini hakuna aliyekwenda kumwambia. Mwenyekiti alidhani nitakwenda mimi. Mimi nilidhani atakwenda mwenyekiti. Niliandika orodha na kuibandika mwembeni. Yeye alikuja na wenzake, akaisoma. Nilikuwa ofisini, nikamwona kwa dirishani. Aliisoma kutoka juu mpaka chini, akairudia. Kisha akaondoka polepole. Tangu siku hiyo hakuja tena uwanjani.

Tulikuwa tumejibu swali la kwanza. La pili hatukuliuliza.

Deni la miaka hamsini

Siku nyingine yule mzee jirani alinionyesha picha ya zamani. Ilikuwa ya mechi ya tarehe 31 Desemba 1967. Packers walikuwa wakicheza na Dallas kugombea ubingwa, palepale Green Bay. Baridi ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri. Uwanja uliganda ukawa kama jiwe.

Zilibaki sekunde chache, na Packers walikuwa nyuma. Mrushaji wao, Bart Starr, hakurusha. Aliubeba mpira mwenyewe, akapita nyuma ya watu wa mbele. Jerry Kramer na mwenzake wa katikati, Ken Bowman, walimsukuma mpinzani, njia ikafunguka. Starr akaanguka ndani ya mstari. Packers wakashinda 21 kwa 17.

Starr aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo mwaka 1977. Jina la Kramer lilipelekwa mara nyingi, likakataliwa. Mashabiki wa Green Bay hawakuchoka kulisemea. Aliingizwa mwaka 2018, naye amekwisha kutimiza miaka 82.

Mzee alisema, "Kramer aliacha kucheza baada ya msimu wa 1968. Hakuna aliyesema abaki uwanjani. Tulisema tu asisahauliwe."

Nilirudi nyumbani

Nilirudi nyumbani mwezi Oktoba. Bakhtiari alikuwa ameshafanyiwa upasuaji tena, na hakucheza tena msimu huo. Walker aliendelea kushoto karibu msimu wote. Mwezi Januari 2024 Packers waliwashinda Dallas kwao 48 kwa 32. Mwezi Machi 2024 binti yangu alinipigia simu. "Baba, Bakhtiari ameachwa." Nikamwuliza kama mzee jirani amekasirika. Akasema, "Hapana. Amekubali. Lakini jezi ya Bakhtiari ameitundika ukutani."

Kesho yake nilikwenda kwa beki wetu. Nilichukua kilo mbili za sukari. Nilimkuta anatengeneza mpini wa jembe.

"Shikamoo, katibu," alisema.

"Marahaba. Nimekuja kwa jambo la zamani."

Nilimweleza yote. Nilimwambia kwamba kamati ilikosa, na mimi nilikosa zaidi, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Alisikiliza huku akichonga. Kisha akaweka panga chini.

"Sikutaka nafasi, katibu," alisema. "Goti langu nalijua mwenyewe. Nilitaka niambiwe. Siku ile nilidhani umeruka jina kwa bahati mbaya. Nikasoma tena. Nikajua si bahati mbaya."

Sikuwa na jibu. Nilisema, "Nisamehe, ndugu yangu." Akasema, "Yamekwisha." Lakini nilijua kwamba ile miaka haiwezi kurudi.

Siku hizi kamati yetu ina kanuni mbili. Ya kwanza: mchezaji anayeachwa huambiwa kwa mdomo, nyumbani kwake, kabla orodha haijabandikwa. Ya pili: anayeumia akiichezea timu hutembelewa, na michango ya mechi husaidia matibabu yake. Ubishi wetu haujapungua. Bado tunapiga kelele mpaka jua linazama. Beki wetu huja kwenye vikao, naye hubisha kuliko sote.

Ndugu msomaji, kuchagua ni lazima. Katika timu, katika ushirika, katika kamati ya shule, wapo watakaobaki na wapo watakaoachwa. Bishaneni, amueni. Kisha, kabla ya kuandika jina la mwisho, ulizeni lile swali la pili.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Watu watano wa mbele wana kazi gani? Kwa nini mtu wa kushoto mwisho ana kazi ngumu?
2. Mzee na mwanawe walibishana. Ninyi mnakubaliana na nani? Toeni sababu.
3. Kamati ya kijiji ilikosea wapi?
4. Katika kijiji chenu, ni nani wanaofanya kazi kubwa isiyoonekana? Mnawashukuruje?