Sindano ya Mgongo na Kadi Mbili

Sisi tuliopita miaka hamsini, nasi twasomesha watoto tumeketi mkekani, mgongo twaujua. Mwaka 2022 maumivu yalitushuka hata mguuni, tukaandikiwa sindano ya uti wa mgongo: dawa ya kutuliza uvimbe, itiwayo karibu na mshipa wa fahamu kwa kuongozwa na picha.

Jirani yetu hapa Kilolo, mwalimu wa shule ya Serikali, aliandikiwa iyo hiyo. Yeye hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri humtilia 3. Akaonyesha kadi ya NHIF, akagharimia nauli tu. Yetu ilikuwa ya CHF, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, na ukomo wake hospitali ya rufaa ya mkoa. Bingwa yuko mbele ya hapo. Tukauza mahindi ya mwaka mzima: picha, sindano, malazi, nauli ya watu wawili. Nayo sindano haiponyi; hutuliza kwa majuma au miezi, kisha maumivu huweza kurudi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Lakini mwalimu wa madrasa hana mshahara wa kukatwa. Wazazi wetu wameanza kutia fungu sandukuni kwa ajili ya kadi za walimu. Hata sasa lawatosha wawili. Nasi tu watano.