Simba wa Pili, Je, Amemfikia wa Kwanza?

Katika ukurasa huu wa familia tumezoea kusoma habari za chanjo, za kuni na za watoto kwenda shule. Leo naomba mnivumilie, nataka kuzungumza juu ya filamu mbili za katuni. Mkifika mwisho mtaona kwamba si mambo ya watoto peke yao.

Filamu ya kwanza ni The Lion King, iliyotoka Marekani mwaka 1994. Mimi niliiona mwaka 2001 kwenye banda la video hapa kambini, nikiwa na miaka 14. Jenereta ilinguruma nje, sisi tumekaa chini tumebanana, na kaka mmoja alisimama karibu na televisheni akitutafsiria. Lakini majina hayakuhitaji tafsiri. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na Pumbaa kweli amepumbaa. Tulicheka sana, tukasema hii wametutengenezea sisi.

Halafu tukanyamaza. Mtoto Simba anaona baba yake Mufasa amekufa. Muuaji ni baba yake mdogo, Scar, lakini huyo huyo anamwambia mtoto kwamba kosa ni lake, akimbie asirudi tena. Jamani, katika banda lile nani hakuwa amekimbia? Mimi nilivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1998, usiku, ndani ya mtumbwi, wala sikujua kosa letu ni nini. Kwa hiyo Simba aliporudi kwao, mvua ikanyesha na majani yakaota, banda zima lilipiga makofi. Wamama wengine walilia.

Mwaka ule ule wa 1998 ndipo ilipotoka filamu ya pili, The Lion King II: Simba's Pride. Mimi sikuiona mpaka mwaka jana. Shemeji alituwekea kwenye memori kadi, tukaitazama kwenye simu, watoto watatu na mimi na mama yao, vichwa vimegusana.

Sasa swali: ya pili imeifikia ya kwanza? Kwa utengenezaji, nasema hapana. Ya kwanza ilitengenezwa kwa kuonyeshwa kwenye majumba makubwa ya sinema, na muziki wake ulipata tuzo mbili za Oscar. Ndani yake inasikika sauti ya Lebo M wa Afrika Kusini, ambaye naye aliishi uhamishoni. Ya pili ilitengenezwa kwa kuuzwa kwenye kanda za video za nyumbani, na unaona: michoro ni myepesi, nyimbo hazikai kichwani. Kuna wimbo mmoja Rafiki anaimba habari za mahali panapoitwa Upendi. Nadhani walitaka kusema upendo. Mwanangu wa kike akauliza, "Papa, hupendi nini?" Tukacheka mpaka tukasimamisha filamu.

Lakini kuna jambo ambalo ya kwanza haikuligusa. Wale waliokuwa upande wa Scar walienda wapi? Filamu ya pili inajibu: Simba, yule aliyekuwa mkimbizi, amekuwa mfalme, na yeye mwenyewe amewafukuza. Wanaishi kwenye nchi kavu isiyo na chakula, nao wamelea watoto huko. Mkubwa wao ni mama mmoja, Zira, na jina linamfaa, kama mtu aliyezira chakula kwa hasira. Binti yake anaitwa Vitani. Kijana wake anaitwa Kovu, na kila siku anafundishwa jambo moja tu: ukikua, utamuua Simba. Yeye Kovu hakuona vita. Vita alivipata kwa mdomo wa mama yake.

Halafu Kovu anakutana na Kiara, binti wa Simba, wanacheza. Wazazi wote wawili wanakuja wananguruma, kila mmoja anamchukua wake.

Hapo mwanangu wa miaka 9 aliniangalia. Akasema, "Papa, kama wewe na mimi."

Nieleze. Mstari wa nyumba unaofuata wetu kuna familia ya kabila ambalo huko kwetu tulipigana nalo. Siwataji, wanasoma jarida hili hili. Mtoto wao yuko darasa moja na wangu, wanacheza mpira wa makaratasi pamoja. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimemkataza. Nilimwambia, "Wale watu unajua walitufanyia nini?" Hakujua. Basi nikamweleza, yote, na jioni hiyo hakula.

Nilikuwa nimejihesabu kama Simba tangu nikiwa na miaka 14. Kumbe katika filamu ya pili mtoto wangu aliniona mimi ni mzazi anayenguruma. Na kama ni kusema kweli, maneno yangu yalikuwa yale ya Zira.

Mwisho wa filamu pande mbili zinapigana kwenye mvua, Kiara na Kovu wanasimama katikati, na Kiara anamwambia baba yake awaangalie wale vizuri, hawana tofauti na wao. Vitani anavuka. Wengine wanamfuata. Zira anaanguka genge, Kiara anamnyoshea mkono, yeye anazira hata mkono wa kumwokoa, anachukuliwa na maji.

Hapa ndipo ninapogombana na watengenezaji. Ni rahisi mno. Dakika chache tu, na wote wanarudi nyumbani pamoja. Mwenye chuki kubwa anachukuliwa na mto, hakuna anayelazimika kuishi naye. Sisi tunajua haiendi hivyo. Zira wa kweli hafi, mnakutana naye bombani na siku ya mgawo, na pengine Zira ni wewe. Damu iliyomwagika haiulizwi, shamba lililochukuliwa halitajwi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kwa uzuri, ya kwanza inashinda mbali. Lakini ya kwanza ilinifundisha kudai kwetu, na ya pili ilinionyesha ninachomfundisha mtoto wakati tunangoja. Wazazi, kama mna nafasi, tazameni zote mbili na watoto, na msiondoke hapo kabla hawajauliza maswali.

Kesho yake nilimwambia kijana wangu aende akacheze. Hakunishukuru, alikimbia tu. Mimi na baba wa yule mtoto hatujakaa pamoja. Tunasalimiana, "Habari za asubuhi, mzee," "Nzuri, mzee," basi, kila mtu na ndoo yake. Siwezi kusema nimesamehe. Ila mpira wa makaratasi ukiangukia kwangu, naurudisha.

Ni mimi, mzazi mwenzenu.